Kizazi Kilichohesabu kwa Umri wa Mti

Katika Hekalu la Yakushiji, mjini Nara, Japani, kuna pagoda mbili, yaani minara ya mbao, zilizosimama mashariki na magharibi ya ua mmoja. Ya mashariki ilijengwa mwaka 730. Ya magharibi iliteketea vitani mwaka 1528, mahali pake pakabaki msingi mtupu kwa zaidi ya miaka 450, hadi ilipoinuliwa upya na kukamilika mwaka 1981. Ukiziangalia kwa makini utaona hazilingani: mpya imeipita ya kale kwa karibu sentimita 30. Mgeni anaweza kudhani fundi alikosea vipimo. Fundi huyo, Nishioka Tsunekazu, alijua kwamba mbao hukauka na kunywea, na kwamba uzito wa vigae utaendelea kuzishindilia mwaka baada ya mwaka, kama ulivyokwisha kuishindilia pagoda ya mashariki. Akaipigia hesabu hali hiyo, akaongeza kimo. Kwa hesabu yake, pagoda hizo zitakuja kulingana baada ya miaka mia tano.

Nishioka alikuwa na umri wa miaka 72 kazi hiyo ilipokwisha. Alijua kwamba siku ya kulingana hatakuwapo, wala wanawe, wala vitukuu vyake. Angeweza kuijenga ikalingana siku ya uzinduzi, waheshimiwa wakapiga picha, na hakuna ambaye angemlaumu akiwa hai. Hakufanya hivyo, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi nimefundisha useremala sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa ni mtu wa kukaa barazani na wazee wenzangu. Mazungumzo yetu mengi huishia kwa vijana: hawana subira, wanataka fedha kabla ya kujua kunoa patasi, ufundi wa babu zao umewashinda. Nimeyasikia maneno hayo hadi nimeyachoka, kwa sababu yanaishia hapohapo, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Nimeona heri nizungumzie kizazi kimoja cha wazee wa nchi nyingine, mafundi wa mahekalu wa Japani waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, ambao nao walishuhudia kazi yao ikikaribia kufa mikononi mwao huku watoto wao wakishika njia nyingine. Watu wetu wanaijua Japani ya magari na mashine. Wanaojua zaidi watakutajia samurai, kimono na sherehe ya chai. Mimi naona moyo wa nchi ile uko wazi zaidi kwa mafundi hawa.

Nishioka alizaliwa mwaka 1908 katika kijiji kilicho kando ya ukuta wa Hekalu la Horyuji, nje ya mji wa Nara. Hekalu hilo lilianzishwa mwaka 607 na Mwanamfalme Shotoku, likaungua mwaka 670, na majengo yaliyoinuliwa baada ya moto huo ndiyo majengo ya mbao ya kale kuliko yote yanayosimama duniani. Wataalamu walipochunguza pete za nguzo ya kati ya pagoda yake, walikuta kwamba mti wenyewe ulikatwa mwaka 594. Siku mti huo ulipoanguka msituni, Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa bado hajateremshiwa wahyi wa kwanza. Nguzo ile ingali kazini.

Babu yake, Nishioka Tsunekichi, alikuwa fundi mkuu wa Horyuji, na alikuwa amepitia nyakati ngumu. Mwaka 1868 utawala wa kijeshi wa mashogun uliondoka, enzi ya Meiji ikaanza, na serikali mpya ikaamuru dini ya Shinto itengwe na Ubuddha. Amri ilikuwa ya kutenga tu, lakini wengi waliifanya ruhusa ya kubomoa. Sanamu zilivunjwa, vitabu vya dini vikachomwa, mahekalu yakanyang'anywa ardhi yaliyokuwa yakiitegemea. Mwaka 1878 Horyuji ililazimika kuikabidhi familia ya mfalme hazina zake zaidi ya 300, ikapewa yeni 10,000, na kwa fedha hizo ikaweza kujitengeneza na kuendelea kuishi. Nchi nzima ilikuwa ikikimbilia mambo ya Ulaya: nguo, majengo, uchoraji, hata mkato wa nywele. Aliyeshika tezo alionekana mtu wa jana.

Hata hivyo, enzi hiyohiyo ilizaa watu waliogutuka. Mwaka 1884 kijana mmoja msomi, Okakura Kakuzo, alifika Horyuji pamoja na mwalimu wake Mmarekani, Ernest Fenollosa, wakiwa na idhini ya serikali kukagua mali za mahekalu. Wakaomba wafunguliwe jengo la Yumedono, lenye sanamu ambayo haikuwa imeonekana na watu kwa karne nyingi. Watawa waliogopa, waliamini kwamba mlango ule ukifunguliwa balaa litaliangukia hekalu. Mwishowe wakakubali. Ndani mlikuwa na umbo refu lililozongwa kwa kitambaa, mzunguko juu ya mzunguko, vumbi la karne limelala juu yake. Kitambaa kilipofunguliwa ikatokea sanamu ya mbao iliyopakwa dhahabu, inang'aa karibu kama ilivyotoka mikononi mwa mchongaji. Okakura alikuja kuwa miongoni mwa waasisi wa shule ya sanaa ya Tokyo iliyoanzishwa mwaka 1887, na mwaka 1897 ikapitishwa sheria ya kulinda mahekalu ya kale.

Nawaheshimu sana watu hao. Pasipo wao, mengi tunayoyasifu leo yangekuwa majivu au yangekuwa ng'ambo. Lakini waliokoa vitu. Mkono uliovitengeneza haukuwa na sheria ya kuulinda, na mkono hauwezi kufungiwa kabatini. Kuuokoa mkono ikawa kazi ya kizazi cha wajukuu.

Namna Nishioka alivyofundishwa inastahili kuelezwa polepole. Tangu akiwa mtoto mdogo, babu yake alimchukua kwenye kazi na kumketisha pembeni atazame. Watoto wenzake walikuwa wakicheza mpira kwenye uwanja wa hekalu, yeye hakuruhusiwa. Alipofika umri wa kuchagua shule, baba yake alitaka apelekwe shule ya ufundi. Babu akakataa katakata: mtoto aende shule ya kilimo. Mti hutoka ardhini; asiyeujua udongo atajuaje mti, na asiyeujua mti atajengaje hekalu? Kijana akaenda shingo upande. Alipohitimu, babu akampa shamba la mpunga alilime peke yake. Akalima kama vitabu vilivyoagiza. Mavuno yakatoka pungufu kuliko ya majirani ambao hawakwenda shule yoyote. Babu akamwambia kwamba tatizo lake ni moja: alikuwa akizungumza na vitabu wakati mpunga ulikuwa mbele yake. Akija kuzungumza na vitabu badala ya mbao, yatatokea yaleyale. Ndipo akamruhusu kushika vyombo vya useremala.

Mafundisho makuu ya mafundi wa Horyuji hayakuwa yameandikwa popote. Yalipokezwa kwa mdomo, kutoka kwa mzee hadi kwa mmoja aliyechaguliwa, na Nishioka alipaswa kuyahifadhi moyoni na kuyasema mbele ya babu yake. Mojawapo linasema fundi asinunue mbao, anunue mlima. Yaani aende mwenyewe akaione miti ikiwa imesimama, ajue upepo unaipiga kutoka wapi. Jingine linaagiza miti itumike kama ilivyoota: iliyokulia upande wa kusini wa mlima isimame kusini mwa jengo. Mti uliojipinda kulia uoanishwe na uliojipinda kushoto, ili kila mmoja uuzuie mwenzake. Na lipo linalomhusu fundi mkuu mwenyewe: asiyeweza kuwaunganisha watu mia wenye mioyo mbalimbali wakawa kitu kimoja, auache ukuu. Vitabu vina kazi yake, na chaki nimeishika miaka mingi. Lakini karatasi ya mtihani haiwezi kukuambia kama kijana anasikia mlio wa randa unavyobadilika inapokaribia kifundo.

Mwaka 1934 ulianza ukarabati mkuu wa Horyuji, uliochukua zaidi ya miaka ishirini. Majengo yalifunguliwa kipande kwa kipande, yakatengenezwa, yakaunganishwa tena. Hapo Nishioka alipata walimu wengine, mafundi waliokufa miaka 1,300 kabla yake, ambao alama za vyombo vyao zilikuwa bado kwenye mbao. Aliona mambo ambayo mimi kama fundi nikiyafikiria mwili hunisisimka. Boriti zilizobeba paa kwa karne kumi na tatu, vigae na udongo vilipoondolewa juu yake, zilianza polepole kujinyoosha na kurudi juu. Mbao nyeusi kwa moshi na umri, ukiipitisha randa mara moja tu, ikatoa harufu nzuri ya hinoki, mti wa jamii ya saipresi ambao Wajapani huuthamini kuliko yote kwa ujenzi. Kwake hilo lilikuwa ushahidi kwamba mti wa miaka elfu msituni, ukitumiwa sawasawa, utasimama miaka elfu nyingine kama jengo.

Kazi hiyo haikwenda kwa amani. Vita vilikuwa vimeiva, na Nishioka aliitwa jeshini zaidi ya mara moja, akatumikia lile jeshi lililowaletea Wachina, Wakorea na watu wengine wa Asia mateso makubwa. Sitaki kulipitia hilo kimyakimya kwa sababu ya mapenzi yangu kwa ufundi. Kizazi kinachosifiwa kwa subira na heshima kwa mti ndicho kilichokuwa pia chini ya bendera ile, na anayetaka kukijua akijue chote.

Halafu, alfajiri ya Januari 26, 1949, Jumba la Dhahabu la Horyuji likashika moto. Wachoraji walikuwa ndani kwa muda mrefu wakinakili michoro ya ukutani ya karne ya 7, kazi ya kuihifadhi; kinachoshukiwa zaidi ni kifaa cha umeme walichokitumia kujipasha joto wakati wa baridi. Sehemu ya juu ya jengo ilikuwa imeshafunguliwa kwa ajili ya ukarabati, ikapona. Michoro ikaungua. Iliyokuwa imekaa zaidi ya miaka 1,200 ikapotea asubuhi moja, nayo ilikuwa mikononi mwa watu walioipenda.

Japani ilishtuka, na hapo nchi ile ikafanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko majengo yake yote. Sheria mpya ya mwaka 1950 ya kulinda mali za utamaduni haikuishia kwenye majengo, sanamu na picha. Ilitambua pia ujuzi wenyewe kuwa mali ya taifa. Sheria iliporekebishwa mwaka 1954, ikawekwa njia ya kuwatambua watu wanaoubeba ujuzi huo, na mwaka 1955 wakatangazwa wa kwanza: wafinyanzi, wafumaji, waigizaji, wapiga ala. Wananchi wakawaita Hazina Hai za Taifa. Mmoja wao alikuwa mfinyanzi Hamada Shoji. Rafiki yake Kawai Kanjiro, mfinyanzi wa daraja lilelile, alikataa heshima hiyo, akabaki na tanuri lake mjini Kyoto, na mimi nampenda kwa hilo pia. Anayetambuliwa hupata ruzuku ya serikali kila mwaka, na hutarajiwa kuuendeleza ujuzi wake na kuufundisha. Akifa, nafasi yake haiendi kwa mwanawe. Kama hakuacha mtu, serikali haina cha kurithisha.

Ila sheria ni sheria, na njaa ni njaa. Baada ya vita mafundi wa mahekalu hawakuwa na kazi, na mila yao iliwakataza kujenga nyumba za kawaida, kwa kuwa kazi ya faida ya haraka ingewaharibia mkono. Nishioka aliuza mashamba ya ukoo ili familia ile. Akaugua kifua kikuu. Kote nchini, majengo yaliyoungua kwa mabomu yalikuwa yakirudishwa kwa zege: jumba kuu la Hekalu la Sensoji mjini Tokyo mwaka 1958, ngome ya Nagoya mwaka 1959. Nje yalionekana ya kale, ndani yalikuwa saruji na nondo. Wahandisi walisema ndiyo njia ya usalama, na katika nchi ya moto na matetemeko hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Nishioka aliwabishia maisha yake yote. Zege, alisema, litakaa miaka mia. Hinoki itakaa elfu. Kwenye jumba kuu la Yakushiji, lililokamilika mwaka 1976, hakushinda kabisa: katikati, zinapokaa sanamu, pana chumba cha zege, na mbao zake zimekizunguka. Pagoda ya magharibi ndiyo iliyofuata.

Wanawe walichukua njia nyingine. Mlolongo wa mafundi wa ukoo wa Nishioka pale Horyuji ukaishia kwake.

Kama angekuwa mtu wa baraza letu, hapo ndipo simulizi lingeishia, kwa masikitiko na kikombe cha kahawa. Lakini kijana mmoja kutoka mkoa wa Tochigi, mbali kabisa na Nara, alikuwa amekwenda Horyuji katika safari ya shule ya sekondari. Jina lake Ogawa Mitsuo, aliyezaliwa mwaka 1947, mtoto wa mfanyakazi wa benki. Aliiona pagoda, akaamua anataka kuwa fundi wa kujenga kitu kama kile. Mwaka 1966 akamwendea Nishioka. Mzee akamrudisha: hakuna kazi, sitaweza kukulisha, na hujui kushika chombo. Ogawa akaenda kujifunza kwa mafundi wengine, akawa anarudi. Mwaka 1969 akapokelewa.

Agizo la kwanza lilikuwa kwamba mwaka mzima hakuna televisheni, redio wala gazeti; ni kunoa. Kisha siku moja Nishioka akavuta randa mbele yake mara moja tu, ukatoka utepe wa maranda mwembamba kupita kiasi, mrefu kama ubao wenyewe, hauna mkatiko. Akampa utepe huo, akamwambia maranda ni haya. Basi. Ogawa aliubandika kwenye dirisha la chumba chake, na usiku baada ya usiku alinoa na kuvuta, ananoa na kuvuta, akilinganisha maranda yake na ule utepe wa mwalimu. Nimefundisha vijana wengi, nami nakiri njia hii ni kali. Kijana wa kawaida atakimbia. Lakini angalia Nishioka alichomwachia: hakumpa maelezo ambayo angeweza kuyasahau au kuyabishia. Alimpa kipimo kinachoning'inia dirishani.

Kijana huyo alipewa jukumu zito mapema. Pagoda ya Hekalu la Horinji, jirani na Horyuji, ilikuwa imeunguzwa na radi mwaka 1944. Hekalu halikuwa na fedha. Mwandishi Koda Aya akajitolea kuichangishia. Yeye alikuwa binti wa Koda Rohan, aliyeandika riwaya mashuhuri kuhusu seremala na pagoda yake mwishoni mwa karne ya 19. Mama huyo, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alihamia jirani na hekalu ili awe karibu na kazi. Nishioka alipoitwa Yakushiji, usimamizi wa mafundi pale Horinji ulimwangukia Ogawa, ambaye alikuwa bado katika miaka yake ya ishirini. Pagoda ilikamilika mwaka 1975. Sijui mzee mwingine wa hadhi ile ambaye angemwachia kijana wa umri huo jengo litakalobeba jina la mwalimu wake kwa karne nyingi.

Kazi za Yakushiji zilipata fedha kwa namna ambayo sisi tungeiita harambee. Mkuu wa hekalu, Takada Koin, alikataa kutegemea matajiri wachache. Aliwaomba Wajapani wa kawaida wanakili kwa brashi na wino maandiko mafupi ya Kibuddha, kila nakala na yeni 1,000. Alizunguka nchi nzima akihubiri, wengi wakadhani anaota. Nakala zikapita milioni moja, na jumba kuu likajengwa.

Kwa misumari, Nishioka hakutaka ya kiwandani. Alikuwa ameiona misumari ya kale ya Horyuji, iliyofuliwa kwa mkono, bado mizima baada ya miaka zaidi ya elfu, na aliijua ya kisasa inavyooza kwa kutu katika miongo michache. Akamtafuta mhunzi Shirataka Yukinori wa Matsuyama. Mhunzi huyo alifua misumari yenye urefu wa karibu sentimita 30, maelfu kwa maelfu, kwa chuma safi kilichoyeyushwa makusudi kwa kazi hiyo. Kilichomhangaisha zaidi kilikuwa ugumu wa chuma. Msumari mgumu mno ukikutana na kifundo ndani ya ubao hukipasua. Ukiwa laini mno, hujikunja. Aliendelea kufua na kujaribu hadi akapata msumari ambao, ukigongwa ukakutana na kifundo, unapinda kidogo na kukizunguka, kisha unaendelea na safari yake. Hakuna mtu ambaye angeuona msumari huo ukiwa ndani ya boriti, isipokuwa fundi wa siku za mbali atakayelifungua jengo kulitengeneza.

Kuna jambo linalonisumbua katika kazi hiyo, nami sitalificha. Hinoki kubwa zilizohitajika hazikuwapo tena Japani. Zilikuwa zimekwisha, karne baada ya karne. Nguzo za Yakushiji zilitoka Taiwan, kwenye misitu ya miti ya zaidi ya miaka elfu, misitu ambayo Japani ilianza kuikata ilipokuwa ikikitawala kisiwa kile. Nishioka alikwenda mwenyewe kuitazama miti milimani, kama mafundisho yalivyomtaka. Alisema mara nyingi kwamba mti uliokatwa ukiwa na miaka elfu unamdai fundi jengo la miaka elfu. Naikubali kauli hiyo, na bado naona deni jingine kwa milima ya Taiwan ambalo jengo halilipi. Fundi atakayeijenga tena pagoda ile atapata wapi mti? Swali hilo wamekuachia wewe uliye kijana, wa Japani na wa kwetu, maana mninga na mpingo nayo haikui kwa mwaka mmoja.

Wapo waliolifikiria mapema. Katika Hekalu Kuu la Ise, la dini ya Shinto, nyumba takatifu hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha jirani, na ya zamani hufunguliwa. Desturi hiyo inasemekana ilianza mwaka 690. Ilikatika kwa zaidi ya karne moja wakati wa vita vya ndani, ikarudishwa. Ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka 2013. Unaofuata ni wa mwaka 2033, na sherehe za kuuanza zilifanyika mwaka 2025. Kila mara huhitajika magogo zaidi ya 10,000, na tangu miaka ya 1920 hekalu linaotesha msitu wake lenyewe kwa mpango wa miaka 200. Nguzo kubwa za nyumba iliyofunguliwa hazitupwi: huchongwa upya zikawa malango ya daraja la Uji, na baada ya miaka 20 mingine huenda kwingine kuendelea na kazi. Muda huo wa miaka 20 unamtosha binadamu. Aliyebeba mbao akiwa kijana wa miaka 20, atashika kazi yenyewe akiwa na 40, na atasimama pembeni akielekeza akiwa na 60. Jengo la Ise ni jipya daima. Kilichokaa miaka 1,300 ni kule kukabidhiana.

Wataalamu wa urithi wa Ulaya walipata shida kulielewa hilo, kwa kuwa kwao cha asili ni jiwe lenyewe la kale. Mwaka 1994 walikutana na wenzao huko Nara, wakatoa waraka unaokubali kwamba uhalisi wa jengo hauwezi kupimwa kwa umri wa malighafi tu, na kwamba kila utamaduni una haki ya kupimwa kwa mizani yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, waraka huo ukiwa umeshatoka. Tunaozijali nyumba zile tungeusoma tukiwa na wachonga milango na waashi wa chokaa mezani, maana mlango wa Zanzibar bila mchongaji ni ubao unaosubiri mchwa.

Katika mji huohuo wa Ise, upande wa Futami, palianzishwa makumbusho ya sanaa ya Kimakonde. Mjapani mmoja aliyependa vinyago vya mpingo alivikusanya kwa miaka mingi, akavijengea nyumba. Nafurahi kwamba vipo, vinafutwa vumbi na kuheshimiwa. Ila naviwazia kwa jicho la Ise. Vinyago viko salama. Wachongaji wengi wa kizazi kile wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na mikono waliyoiacha Mtwara na Dar es Salaam haina ruzuku wala cheo, na mpingo unazidi kuwa adimu. Kama ni kuokoa vitu, wenzetu wametusaidia. Mikono inatungoja sisi.

Ogawa alianzisha karakana yake, Ikaruga Kosha, mwaka 1977. Mwalimu wake hakujenga nyumba za kawaida hata njaa ilipombana. Ogawa aliamua kwamba mafundi wake lazima wale, akatafuta kazi za mahekalu nchi nzima. Hakuwachagua wanagenzi kwa ukoo. Walikuja watoto wa wafanyakazi wa ofisi, wa wakulima, walioshindwa shule na waliofaulu vizuri. Waliishi pamoja nyumba moja. Mgeni huanza kwa kupika na kufagia, na Ogawa husema kwamba kwa chakula cha siku chache tu anajua kijana huyo atakuwa fundi wa namna gani: anavyopanga kazi, anavyowafikiria wenzake, anavyoacha jiko. Jioni wote hukaa mbele ya vinoo. Waliokawia kuelewa hakuwafukuza. Alikuwa akisema wazito wa kufahamu ndio wasiosahau.

Mwaka 2007, Ogawa alipotimiza miaka 60, mikono yake ikiwa bado na nguvu na jina lake likijulikana nchi nzima, aliuacha ukuu wa karakana na kuwakabidhi wanafunzi wake. Hakungoja augue, wala hakungoja wamwombe. Aliona kwamba mkubwa akiendelea kukaa juu, walio chini hawapati uzito wa kuwakomaza. Wazee wenzangu wa barazani, ambao tunazishika funguo za karakana hadi vidole vinakauka, kisha tunauliza kwa nini vijana hawajui kufungua mlango, naomba mlitazame tendo hilo kuliko pagoda zote nilizozitaja. Wanafunzi wa Ikaruga Kosha wamejenga na wanaendelea kujenga, wengine wamefungua karakana zao na kupokea wanagenzi wao, na miongoni mwa wanagenzi hao wapo waliozaliwa baada ya Nishioka kufariki mwaka 1995.